Kutoka kuuza skripti mpaka kushika kamera: njia ya Park Hoon-jung

Swali lenyewe liko hivi: "Shikamoo kaka. Mimi ni dada, naandika skripti za muvi hapa Mwanza, mbili zimeshanunuliwa na zikachezwa, ila nilivyoziona sikuzitambua, dialogi zimekatwa na mwisho wa moja wameugeuza kabisa. Nina ya tatu na kuna prodyuza anaitaka. Juzi nimeangalia New World na The Witch, nikaambiwa zote kaandika na kaongoza mtu mmoja ambae alianza kwa kuuza skripti tu kama mimi. Alitokaje huko mpaka akapewa kamera? Na hii ya tatu niiuze au niikalie mpaka nije kuiongoza mwenyewe?"

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwanza, kuuza skripti mbili sio kitu kidogo hata kama wamezichanachana. Huyo jamaa anaitwa Park Hoon-jung na ulichoambiwa ni kweli, alianza kama mwandishi, jina lake lilikuwa linapita mwishoni watu washainuka kwenye viti, na leo ni mmoja wa waongozaji wanaojulikana zaidi Korea Kusini kwa muvi za magenge na visu. Ila njia yake haikunyooka kama watu wanavyoisimulia, kuna mahali alidondoka vibaya sana, na kwa mtu wa hali yako hapo alipodondoka ndo pa kupasoma kuliko hata New World yenyewe.

Tuanze na 2010. Mwaka huo mmoja zilitoka muvi mbili kubwa, zote kaandika yeye na zote kaongoza mtu mwingine. Mwezi wa nane ikatoka I Saw the Devil ya Kim Jee-woon, mwezi wa kumi ikatoka The Unjust ya Ryoo Seung-wan. Sasa ili uelewe uzito wake, hao wawili sio waongozaji wa kubahatisha, walikuwa washakuwa majina makubwa Korea, na Kim Jee-woon kwa kawaida ni mtu wa kuandika vitu vyake mwenyewe. Kwa nini akubali skripti ya mtu ambae watazamaji hawamjui hata jina? Jibu ni muigizaji. Skripti ile ilimfikia kwanza Choi Min-sik, yule mzee wa Oldboy, na yeye ndie aliempelekea Kim Jee-woon. Yani skripti haikupita mlango wa prodyuza kwanza, ilipita kwa msanii aliesoma akaona humu kuna kitu cha mimi kucheza.

Na hapo tulia kidogo uone ni nini alichokiona. Muvi ya kisasi tunazijua wote, mchumba wa stelingi anauawa, stelingi anamtafuta adui saa nzima na nusu, mwisho anampata, anammaliza, tunaenda kulala. Park alichofanya ni kumkamatisha adui mapema kabisa, muvi haijafika hata nusu, halafu stelingi (Lee Byung-hun, anacheza kachero wa usalama wa taifa) anampiga, anammezesha kifaa cha kumfuatilia, anamuachia aende. Anamkamata tena, anamuumiza, anamuachia tena. Kwa badiliko hilo moja tu swali zima la muvi linageuka, huulizi tena atampata lini, unauliza huyu stelingi atabakiwa na nini akimaliza, na kila anapomuachia kuna mtu mwingine asie na hatia anaumia, kwa hiyo deni linahamia kwake. Ukiwa muigizaji ukisoma hiyo lazima mate yakutoke. Ukatili wake ulikuwa mwingi mpaka bodi ya kupanga madaraja ya filamu Korea iliwagomea mara mbili kwa daraja ambalo maana yake haiwezi kuonyeshwa kwenye majumba ya kawaida, ikabidi wakate vipande ndo ikapita.

The Unjust mimi binafsi naiona ni skripti bora zaidi kuliko hiyo, ingawa huku kwetu haijulikani sana. Kuna muuaji wa watoto wa kike wa shule, nchi nzima imewaka, rais mwenyewe anataka mtu akamatwe, halafu polisi wanampiga risasi mtuhumiwa wao mkuu anakufa. Sasa wafanyeje? Wanaamua kutafuta mtu wa kuvalishwa kesi. Kazi anapewa askari mzuri (Hwang Jung-min) ambae vyeo vinampita kila siku kwa sababu hana ile elimu ya chuo cha maofisa wala watu wa kumbeba, na yeye anamtumia mkandarasi jambazi, upande wa pili kuna mwendesha mashtaka anaekula hela za tajiri mwingine, na wote watatu wanashikana mashati na kila mmoja ana kitu cha kummaliza mwenzie. Hakuna mtu mwema mle ndani. Angalia tu jinsi kila sini inavyobadilisha nani kamshika nani, mtu anaingia ofisini ana nguvu anatoka kashikwa. Hiyo ndo saini ya Park, na utaikuta kwenye kila kitu alichofanya baadae.

Kabla ya kuendelea inabidi nikuambie kitu kuhusu Korea kwenyewe maana watu wengi wanachanganya. Kwenye tamthilia za TV kule mwandishi ndo bosi, mtu kama Kim Eun-sook (Goblin, The Glory) jina lake linauza tamthilia kabla hata hujaambiwa nani anacheza. Kwenye sinema ni kinyume kabisa, muongozaji ndo kila kitu, na wengi wao wanaandika wenyewe au wanakaa na mwandishi wanaigeuza skripti mpaka inakuwa yao. Kwa hiyo mtu anaeandika muvi tu bila kuongoza yupo mahali pabaya, analipwa kwa mafungu, na muvi isipofika kuchezwa mara nyingi fungu la mwisho hulioni. Mwanzoni mwa 2011 kulitokea msiba ulioitikisa nchi nzima, mwandishi kijana Choi Go-eun, miaka 32, alikutwa amekufa kwenye chumba alichopanga mji wa Anyang, alikuwa anaumwa na hana hela, na skripti zake alizoingia nazo mikataba hazikuwahi kuchezwa. Ilisemwa kwamba aliacha ujumbe kwa jirani akiomba kama kuna wali na kimchi vilivyobaki. Ni kifo hicho kilichosukuma bunge lao mwaka huohuo kupitisha sheria ya ustawi wa wasanii. Nakuambia haya usije ukadhani Park alihama kwenye kuandika kwa tamaa ya umaarufu. Kule mwandishi wa sinema anaetaka neno lake lisiguswe, na anaetaka kula, ana njia chache sana zaidi ya kushika kamera mwenyewe.

Haya. Baada ya 2010 hiyo milango ikafunguka, na mapema 2011 ikatoka muvi yake ya kwanza kuongoza, The Showdown.

Ikabuma.

Na sio kubuma kidogo, ilipita kwenye majumba watu hawakujua hata kama ilikuwepo. Na ukiangalia kwenye karatasi ilikuwa ni kile hasa ambacho sisi walimu huwa tunawashauri waongozaji wapya wakifanye: wahusika wachache, sehemu moja, bajeti ya kiasi. Ni enzi za Joseon, ufalme wa zamani wa Korea, karne ya 17, jeshi la Korea limepelekwa kupigana kaskazini huko Manchuria limesambaratishwa, askari watatu wanakimbilia kwenye nyumba moja iliyotelekezwa katikati ya theluji, adui yuko nje, na ndani wenyewe kila mmoja ana sababu ya kumuua mwenzake. Wazo tamu au sio? Mimi nimeiangalia kwa jicho la kazi na naona tatizo ni kwamba aliiongoza kama mwandishi. Kila chuki ya wale watatu inaelezwa kwa kurudi nyuma, tunatoka kwenye theluji tunaenda ikulu, tunarudi, tunaenda tena, tunarudi, na kila tukitoka ule ubaridi na ule woga vinapoa, ukirudi unaanza upya kuwasha moto. Kwenye karatasi hiyo inasomeka vizuri sana maana msomaji anataka kujua sababu. Kwenye kioo mtazamaji ameshawaona watu watatu wenye njaa na kisu kimoja, sababu inaweza kusubiri.

Sasa sikiliza kichekesho cha dunia. Mwaka huohuo wa 2011, mwezi wa 11, kwenye tuzo za Blue Dragon ambazo ndo kama kilele cha tuzo za sinema kule, The Unjust ikachukua muvi bora, muongozaji bora kwa Ryoo Seung-wan, na skripti bora kwa Park Hoon-jung. Yani ndani ya miezi kadhaa mtu mmoja kaambiwa na soko kwamba hawezi kuongoza na kaambiwa na tasnia kwamba hakuna anaeandika kama yeye. Wengi hapo wangerudi kwenye kuandika, hela ipo, heshima ipo. Yeye akaandika kitu kikubwa zaidi na akakishikilia akiongoze mwenyewe, na waliomuwezesha ni walewale walioonja maandishi yake 2010: Choi Min-sik kutoka I Saw the Devil, Hwang Jung-min kutoka The Unjust, akaongezeka Lee Jung-jae, huyu ambae miaka ya baadae dunia nzima ikamjua kwa Squid Game. Hiyo ndo New World, Februari 2013, tiketi zaidi ya milioni 4.6 kwenye nchi ya watu kama milioni 50, na Hwang Jung-min akachukua tuzo ya muigizaji bora wa kiume Blue Dragon mwaka huo.

Umesema umeiona kwa hiyo naongea wazi, wengine ambao hamjaiona rukeni aya hii na inayofuata. Hadithi yake kwa nje sio mpya, polisi aliepandikizwa ndani ya genge, watu waliitaja sana Infernal Affairs ya Hong Kong ilipotoka na hawakukosea. Upya wake uko sehemu nyingine. Mwenyekiti wa kampuni la kijambazi Goldmoon anakufa, kuna vita ya urithi, na polisi wanaamua wao ndo wapange nani awe mrithi. Yani ni siasa za ofisini, watu wenye suti, vikao vya bodi, kura. Lee Jung-jae anacheza Ja-sung, askari aliekaa ndani miaka mpaka anataka kutoka na bosi wake wa polisi hamruhusu. Katikati ya hao wote wenye suti nyeusi na nyuso za mawe anaingia Jung Chung (Hwang Jung-min), bosi mdogo mwenye asili ya Kichina, anatua airport na miwani ya jua, anatukana, anacheka, anamletea Ja-sung, anaemchukulia kama ndugu yake, zawadi ya saa feki. Ndani ya dakika tatu tu unampenda na bado hujaambiwa historia yake hata neno moja. Linganisha na ile The Showdown ambako kila kitu kilirudishwa nyuma kuelezwa. Huyu mtu alijifunza.

Na sini ninayowapa watu wote wanaosoma kwangu ni ile ya kwenye ghala, Jung Chung ameshapata taarifa za nani ni polisi, Ja-sung anajua kwamba huenda amejulikana, na tunakaa pale tukisubiri. Dialogi ni chache mno. Ingekuwa mwandishi anaeongoza kwa mara ya kwanza angempa Jung Chung hotuba ya usaliti na undugu. Park kampa kazi ya kufanya, anamshughulikia mtu mwingine mbele ya macho ya Ja-sung, na huo ndo ujumbe. Baadae Jung Chung akiwa kitandani anakufa anamwambia awe mkali, ndo aishi, na kwenye sefu kamuachia faili lake la kipolisi. Halafu baada ya kila kitu kuisha, Ja-sung ameshakaa kwenye kiti cha mwenyekiti, ndo tunarudishwa nyuma mara moja, miaka sita iliyopita mji wa Yeosu, wawili hao wangali vijana wa vurugu wanacheka. Kurudi nyuma kulekule kulikoua The Showdown, hapa katumia mara moja, kaweka mwishoni, na hakuelezi sababu yoyote, kunakuumiza tu. Mimi nikiulizwa Park Hoon-jung alikuwa muongozaji lini huwa nasema ni hapo, kwenye hiyo sini ya Yeosu, hata kabla tiketi hazijahesabiwa.

Alisema New World ilikuwa sehemu ya katikati ya hadithi ya sehemu tatu. Miaka zaidi ya 10 imepita na hizo nyingine mbili hatujaziona. Muvi kuhit sio lazima ikuletee uhuru wa kufanya inayofuata, nitalirudia hili kwenye mkataba wako.

Kilichofuata ni The Tiger, Disemba 2015, Choi Min-sik tena, mwindaji mzee kwenye milima ya Jirisan wakati Wajapani wanaitawala Korea, 1925, na simbamarara wa mwisho ambae afisa wa Kijapani anamtaka kwa udi na uvumba. Simbamarara mwenyewe ni wa kompyuta. Ni muvi nzuri, ndefu, ya huzuni, na ilitoka siku moja na The Himalayas ambayo stelingi wake alikuwa nani? Hwang Jung-min huyohuyo. The Himalayas ikapita tiketi milioni 7, The Tiger haikufika milioni 2. Sina la kufundisha hapo, hiyo ni ratiba tu na bahati.

V.I.P. ya 2017 ndo ina la kufundisha, na wewe kama mwanamke utaliona haraka kuliko mimi. Mtoto wa kigogo wa Korea Kaskazini kaletwa Kusini na majasusi, kumbe ni muuaji wa wanawake, na kila taasisi inamlinda kwa maslahi yake. Wazo ni la Park kabisa, nani kamshika nani. Lakini wanawake mle ndani wapo wa kuteswa na kufa tu, kamera inakaa juu ya mateso yao muda mrefu, na kwenye orodha ya waigizaji kuna wasichana kadhaa ambao nafasi yao imeandikwa maiti ya kike. Watazamaji wanawake Korea waliwaka, na walikuwa na haki. Maana ukirudi nyuma unaona haikuanzia hapo, New World kuna wanawake wawili wa maana, mmoja anaishia kwenye pipa na mwingine ni mke anaepeleka taarifa kwa polisi halafu hadithi inamsahau. Mwandishi aliekuwa anajua kumpa kila mwanaume sababu, njaa na deni, kwa wanawake kalamu ilikuwa inakauka.

Alafu mwaka uliofuata tu, 2018, akaleta The Witch. Sitaki kusema moja ilizaliwa na nyingine kwa sababu skripti haziandikwi kwa wiki mbili, lakini ni muvi ambayo stelingi ni msichana wa shule, adui mkuu ni mama (Jo Min-su kama Daktari Baek, nafasi ambayo mwanzoni iliandikwa kwa mwanaume), na rafiki wa stelingi ni msichana pia. Kim Da-mi alipatikana kwenye usaili wa watu kama 1,500, hakuwa na jina lolote, akachukua tuzo za muigizaji mpya na wewe labda umemuona baadae kwenye Itaewon Class. Kitu cha kukisoma hapo ni jinsi alivyogawa taarifa. Nusu ya kwanza inakwenda taratibu mpaka watu wengine wanalalamika, shamba, ng'ombe, mama mgonjwa wa kusahau, mashindano ya kuimba kwenye TV, na wewe unamuonea huruma huyu binti anaewindwa. Ikigeuka unagundua wanaowindwa ni wengine. Sasa rudi uangalie mara ya pili ile nusu ya kwanza, hakuna sehemu hata moja aliyokudanganya, kila kitu alikionyesha mbele ya macho yako. Hiyo ni kazi ya mwandishi, ila pia ni kazi ya muongozaji kumfanya Kim Da-mi acheze vitu viwili kwa uso mmoja. Kama angeiuza hiyo skripti kwa mtu mwingine, nina uhakika zaidi ya nusu kwamba lile shamba lingekatwa.

Zilizobaki nazipitia haraka. Night in Paradise ilienda tamasha la Venice 2020 nje ya mashindano kisha Netflix 2021, jambazi anakimbilia kisiwa cha Jeju anakutana na msichana mgonjwa asie na siku nyingi, na safari hii anaefunga hesabu ni yule msichana na bunduki yake, sio jambazi. Mimi naipenda kuliko wengi wanavyoipenda, ni polepole na watu wanakula sana mle ndani, na kwenye meza za chakula ndo anaandika dialogi zake tamu. The Witch 2 ya 2022 ina vipigo vikubwa na maelezo mengi mno, watu wanasimama wanaelezana maabara gani ilifanya nini, ugonjwa wa zamani umerudi. The Childe ya 2023 ni ya kuchangamka, bondia kijana mwenye mama Mfilipino anaenda Korea kumtafuta baba, na Kim Seon-ho wa Hometown Cha-Cha-Cha kwenye muvi yake ya kwanza kabisa anamkimbiza huku anacheka. Halafu The Tyrant, 2024, iliyopangwa kuwa muvi ikaishia kukatwa vipande vinne kwenye Disney+. Kampuni yake ya utengenezaji kaiita Goldmoon, jina la genge la New World. Mtu ana utani wake.

Sasa skripti yako ya tatu.

Nikiangalia hiyo njia nzima, naona watu wanakuja na somo la haraka kwamba usiuze, kalia kazi yako mpaka uiongoze. Park hakufanya hivyo. Aliuza mbili zenye nguvu kabisa, kwa watu walioziongoza kuliko ambavyo yeye angeweza wakati ule, na hizo mbili ndo zilizomlipia kiti, maana waigizaji wakubwa walimfuata yeye, hawakuifuata kampuni. Angeiongoza The Unjust mwenyewe kwa ule mkono wa The Showdown labda tusingekuwa tunamzungumzia leo. Kwa hiyo mimi nasema iuze, ila sio kama ulivyouza hizo mbili. Zile ulikabidhi ukaenda nyumbani, ukarudi kuona matokeo.

Kuna Mkorea mwingine wa kumuangalia hapa, Lee Chang-dong. Huyu alikuwa mwalimu wa sekondari, akawa mwandishi wa riwaya, akaandika skripti mbili kwa muongozaji Park Kwang-su, na kwenye ya kwanza, To the Starry Island ya 1993, hakuandika tu, alikuwa pia msaidizi wa muongozaji kwenye seti. Muvi yake ya kwanza kuongoza, Green Fish, ikatoka 1997 akiwa na miaka zaidi ya 40, na haikuwa muvi ya mtu anaejifunza. Baadae akawa hadi waziri wa utamaduni 2003, ila hiyo ni habari nyingine. Point yangu ni ile seti ya 1993. Yeye alilipia ada ya shule kwenye muvi ya mtu mwingine, Park akailipia kwenye ya kwake mwenyewe mbele ya watu wote.

Kwa hiyo kwa huyo prodyuza wako kaombe vitu vitatu kabla hujasaini. Kwanza nafasi kwenye seti siku zote za kushuti, hata kama ni ya kontiniuti (yule anaeangalia sini zisipishane) au msaidizi wa pili wa muongozaji, hata kama wanapunguza kidogo kwenye hela, kubali wapunguze. Pili iandikwe kwamba wakitaka kugeuza mwisho lazima wakuite mkae mezani, sio lazima wakusikilize maana hawatakubali kuandika hivyo, ila lazima wakuite. Tatu haki ya muendelezo na wahusika, hapa usilegee, kama stelingi wako atapendwa na wanataka sehemu ya pili basi usijikute unaisoma kwenye bango. Wakikataa la tatu ongeza bei, wakikataa la kwanza ondoka, hao wanataka karatasi tu.

Na wakati hiyo inachezwa andika ya nne, ambayo hiyo ndo usimuonyeshe prodyuza yeyote kwanza. Mtafute muigizaji, mmoja tu, sio lazima awe maarufu sana ila awe amechoka kupewa nafasi zilezile, mwandikie nafasi ambayo akisoma hatolala, umpe yeye. Ukifika hapo niandikie tena, ila uje na kurasa 10 za kwanza na useme ni sini ngapi kati ya hizo zinarudi nyuma kueleza kitu. Zikizidi moja tutagombana.